Mpelekeeni Hanka Kijiji Chake

Vuteni viti, wanangu, kaeni upande huu wa dirisha niwaone, na wewe Yasini izime hiyo simu kwanza, maana nilichowaitia hakihitaji mtu wa tano. Tupo sisi watatu na Mwatumu, na Mwatumu atabaki, kwa sababu ndiye aliyevuka barabara kila asubuhi kuniletea uji miezi hii mitatu ambayo nyinyi mlikuwa na kazi nyingi. Siwalaumu. Nasema kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, na leo nimejiapiza kusema mambo yalivyokuwa, hata yale yanayonivua nguo. Nitasema kwa Kiswahili. Najua mnakisikia vizuri na kunijibu mnanijibu kwa Kiingereza, nimezoea, jibuni mnavyoweza, lakini mimi siwezi kuagana na watu kwa lugha niliyojifunza ukubwani nikiuza vitanda.

Mimi Burhani, mzaliwa wa Sikonge, Tabora, seremala mwenye karakana hapo jirani Bertrams, akili yangu ni timamu. Kilichonishinda ni mapafu, miaka karibu thelathini ya vumbi la mbao si mchezo, na daktari ameacha kuhesabu miezi, sasa anahesabu siku. Basi tuanze na mali, kwa kuwa najua mtu akiitwa kitandani kwa baba yake masikio yanakuwa huko kwanza, msikatae. Karakana ni ya Yasini. Cheka, Nasra, na mimi nacheka, kijana hajui msumari na skurubu, lakini nimempa yeye kwa sababu ndiye aliyekulia mle ndani, na akiamua kuifunga aifunge, ila kabla hajauza chochote amwite André, yule Mkongo fundi wa makochi tuliyepakana naye ukuta, achague randa anayoitaka. Ndiyo, André huyo huyo. Miaka sita hatusemeshani, tunapishana mlangoni kama hatujuani, na yote kwa sababu aliwaambia wateja kwamba vitanda vyangu vinalia mtu akigeuka. Mwambieni mzee amesema kile kitanda cha yule mchungaji kililia kweli, nilijua siku ileile nilipokikabidhi, na nilimkasirikia kwa kuwa alilisema mbele za watu.

Haya, nyumba. Nyumba hii ni yenu nyinyi wawili, mgawane kama dini inavyogawa, isipokuwa chumba cha mbele, hiki tulichokaa, chenye baraza ya kutazama barabara. Hiki nimemwachia Hanka. Kunja uso, Nasra mama, lakini usisimame. Hanka, yule mwanamke aliyekuandikia kutoka Ujerumani mpaka kazini kwako Sandton, miezi mitatu iliyopita, akisema kuwa ni binti yangu, na ambaye keshokutwa Jumamosi anashuka uwanja wa ndege. Nilimwita sheikh nikamuuliza. Akaniambia mtoto niliyemzaa nje ya ndoa hana fungu katika mirathi yangu, ila mwenye mali anaruhusiwa kumwachia kwa wosia mtu asiyerithi, mradi asivuke theluthi. Chumba hiki hakifiki theluthi, nimekipima mwenyewe kwa futi. Basi kiandikwe kwa jina lake, na asitokee mtu siku moja akamwambia akatafute hoteli.

Siku ile Nasra uliponijia na ujumbe wake, ulisimama pale mlangoni na mkoba begani, hukuketi, ukaniuliza jambo moja tu, kama nilikuwa najua. Nikakujibu sikujua. Nikasema niliondoka kule yule mwanamke hajaniambia kitu. Ukalia kidogo kwa ajili ya marehemu mama yenu, Tabia wangu, ukaondoka, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiongea na ukuta, na jioni nikichoka na ukuta nahesabu mabasi. Jibu lile ndilo lililonifanya niwaite leo. Nitalifikia, nipeni nafasi, kifua hiki hakitaki kuharakishwa, na kuna mzigo mwingine inabidi mjitwishe kwanza.

Hanka katika barua zake zote hajaomba mali. Ameomba nimweleze Borina ilikuwaje. Ni kijiji cha mama yake, yeye mwenyewe alizaliwa miezi michache baada ya kijiji kuvunjwa, na mama yake, Lejna, aliyefariki mwaka jana, kila alipoulizwa habari za Borina alikuwa akitoka nje kwenda kuanika nguo. Wazee wa pale wamekwisha. Kati ya watu waliobaki duniani wanaokijua kile kijiji nyumba kwa nyumba, mmoja yuko hapa Troyeville amelala chali, na sina hakika na Jumamosi. Kwa hiyo Nasra andika, wewe una mwandiko, na Yasini sikiliza, wewe una kichwa cha kushika hadithi. Mtampelekea kwa midomo yenu, kwa Kiingereza chenu hichohicho, nacho leo kina kazi.

Andika kwamba Borina ilikuwa mashariki kabisa ya Ujerumani, karibu na mpaka wa Poland, ndani ya msitu wa misonobari ambao ukiingia asubuhi hutoki mpaka adhuhuri. Misonobari ya kule ni myembamba, vigogo vyake vyekundu huko juu, na imesimama kwenye mchanga mtupu. Ukishuka kituo cha treni unatembea saa moja na nusu kwenye njia ya mchanga, unapita bwawa la kwanza, maji yake meusi kama chai ya rangi, unapita bwawa la pili, unavuka kijito kwa daraja la mbao tatu, na ya katikati imelegea, mwambieni akanyage za pembeni, kisha unakuta kibao chenye majina mawili, Borina kwa Kisorbi, lugha ya watu wa pale, na jingine la Kijerumani ambalo hakuna mtu wa pale aliyelitumia isipokuwa tarishi. Nyumba kumi na tisa. Zimeuzunguka uwanja wa majani, milango imetazamana, kiasi kwamba mtu akipiga chafya nyumba ya kwanza, wa nyumba ya kumi na tisa anamwombea afya. Nyingi ni za magogo yaliyolazwa, yamekuwa meusi kwa uzee. Ya kina Lejna ni ya nne mkono wa kushoto, mlango wa kijani, benchi nje, na nyuma yake mizinga saba ya nyuki. Andika saba, mzinga wa nane ulikuwa mtupu.

Mchanga ule haukutoa kitu cha maana: viazi, na nafaka moja nyembamba ya kupikia mkate mweusi, basi. Kilicholisha Borina ni msitu, uyoga wakati wa mvua, vitunda vyeusi vinavyochafua meno, na asali. Mwezi wa nane ardhi yote chini ya misonobari inageuka zambarau kwa maua ya vichaka vifupi vifupi, na nyuki wanachapa kazi kana kwamba wamelipwa mapema. Kijiji chenyewe kilianzia hapo. Wazee walinisimulia kwamba watu wao wa kwanza waliingia msituni kwa ajili ya nyuki tu. Walikuwa wakipanda juu ya msonobari ulio hai, wanachonga tundu, wanaliziba kwa ubao, wanawaachia nyuki, na kodi ya bwana mkubwa wa ngome wanalipa kwa asali. Mimi kusikia hivyo nilicheka mpaka nikakaa chini. Babu yangu kule Sikonge alikuwa akipanda miti na mzinga wa gogo mgongoni! Serikali imenipakia ndege mwaka themanini na sita, kijana wa miaka ishirini na nne, imenivusha nusu ya dunia nikasomee misitu Ujerumani Mashariki, chuo mjini, mafunzo ya vitendo Borina, kulala nyumbani kwa kina Lejna, kumbe imenipeleka kwa babu.

Baada ya watu wa nyuki walikuja wenye matanuru ya vioo, wakala kuni karibu wamalize msitu, wakaondoka. Vita vikubwa vya kwanza vikapita, majina ya waliokufa yakachongwa kwenye jiwe katikati ya uwanja, kumi na moja, kutoka nyumba kumi na tisa. Kisha ukaja utawala ule mbaya ulioleta vita vya pili, mnaujua, ukapiga marufuku lugha yao, ukang'oa kibao, ukamhamisha mwalimu kwa sababu alifundisha watoto nyimbo za kwao. Maana Wasorbi si Wajerumani, wanangu, msije mkamwita Hanka Mjerumani mkadhani mmemheshimu. Ni watu wachache, walikuwa kwenye ardhi ile tangu zamani za kale, na lugha yao inakaribiana na ya Wapolandi. Utawala ule ulipoanguka kibao kilirudishwa, lakini lugha ilirudi ikichechemea. Niliyaona kwa macho yangu: watu ishirini wamekaa wanapiga gumzo kwa Kisorbi, anaingia Mjerumani mmoja kuulizia njia, wote ishirini wanahamia Kijerumani, na akishatoka inachukua muda kurudi. Watoto hawakurudi kabisa. Mama yake Lejna anawauliza kwa Kisorbi mnataka nini, wanamjibu kwa Kijerumani wanataka mkate. Nami kwa ujana wangu nikamwambia mama yule, kwetu jambo kama hilo haliwezi kutokea. Haya Yasini, hebu niambie kwa Kiswahili saa hizi ni saa ngapi. Eish, basi, usitoke jasho, nakutania.

Mwatumu, niinue kidogo. Hapo hapo. Ahsante.

Sasa nawaambia nilivyomkosea Lejna mara ya kwanza, na hili Hanka hajalisikia kwa mtu. Wale watu wana desturi ya asubuhi ya Pasaka. Kabla jua halijachomoza msichana anakwenda kijitoni na mtungi, anateka maji yanayotembea, anageuka, anarudi nayo nyumbani, na tangu anapotoka mpaka anapovuka kizingiti hasemi hata neno moja, hacheki, hatazami nyuma, na maji yale yakifika bila neno yanakuwa dawa, yanapakwa wagonjwa, yanakaa mwaka mzima bila kuoza. Akifungua mdomo tu, ni maji ya kuoshea vyombo. Mimi hayo sikuambiwa. Pasaka ya themanini na saba nilikuwa nimeamka kwa sala ya alfajiri, nimekwenda kijitoni kutia udhu, na nikiwa narudi namkuta Lejna mbele yangu na mtungi wa udongo kifuani. Mtu ninayekula naye meza moja! Nikamwamkia kwa Kijerumani. Kimya. Nikasema labda hakusikia, nikamwamkia kwa lugha yake, Dobre ranje. Kimya, anazidisha mwendo. Nikaongeza salamu ya wazee wao, Pomhaj Bóh, Mungu akusaidie. Kimya. Jamani, sisi wa Tabora mtu akikupita bila salamu unajiuliza umemuua nani kwao. Nikamfuata, nikamuuliza nimekukosea nini, nikamuuliza hali ya mama, usingizi, habari za nyumbani zote, na moyoni uchungu unapanda, nasema kumbe na huyu, siku zote ananichekea, leo ameiona rangi yangu. Mwisho nikamkingia njia pale darajani. Akaniambia, "Burhani, kwa ajili ya Mungu, niache nipite!"

Hapohapo akajiziba mdomo. Akautazama mtungi. Akayamwaga maji yote mchangani, akakaa palepale akalia, nami nimesimama nauliza sasa kulikoni, mpaka aliponieleza. Mama yake alikuwa anaumwa kifua, na walikuwa wameyategemea maji yale, hospitali walikwishakwenda na kurudi. Mama aliposikia alicheka, akasema mgeni mwenye adabu ni bora kuliko mtungi wa maji, akanikatia mkate. Mwezi wa nane akafa. Walimzika wanawake wote wamevaa nyeupe, maana msiba wao mkubwa ni mweupe, na mimi kuona nyeupe ile nilijiona niko kwetu, nikalia kuliko ndugu. Lejna hakuniambia kamwe kwamba ni kwa sababu yangu. Mimi siamini kwamba maji yanamponya mtu, lakini niliteka maji ya nyumba ile kila asubuhi kwa miaka miwili na nusu, kiangazi na barafu, bila kuambiwa, na ndivyo tulivyopendana, wala sitawaomba radhi kwa hilo, ilikuwa kabla ya mama yenu na ilikuwa kweli.

Chini ya mchanga wa Borina kulikuwa na makaa ya mawe. Vijiji zaidi ya mia vya upande ule vililiwa na mashimo ya makaa, na zamu ya Borina ilifika. Kwanza walikuja watu wa vipimo, kisha ikaja amri, na sisi wanafunzi wa misitu tukapewa makopo ya rangi nyeupe tupake alama kwenye miti ya kukatwa mbele ya mashine. Nilipaka. Mtamwambia na hilo. Niliupaka hata msonobari wa nyuma ya nyumba yao, wenye tundu la nyuki la zamani, Lejna ananitazama dirishani. Vuli ya themanini na tisa walihamishiwa maghorofani mjini, wazee wakapewa lifti wasiyojua kuitumia, na katika wiki zilezile ile serikali iliyotoa amri ikaanguka yenyewe, lakini mashimo hayakusimama. Sisi wageni tukaambiwa chuo hakipo tena, rudini kwenu. Niliondoka mwezi wa kwanza wa mwaka tisini. Lejna alinisindikiza kituoni kwa miguu, saa moja na nusu ile ya mchanga, maana tulianzia Borina kukiaga kijiji, nyumba zote ziko wazi, milango imeng'olewa. Nilimwambia nitarudi. Masika yake wakavunja, wakachimba, na leo pale ni ziwa, watu wanaendesha mashua za kujifurahisha juu ya nyumba ya nne mkono wa kushoto.

Sasa kalamu iweke chini, Nasra. Hili si la kuandika.

Nilikuambia niliondoka hajaniambia kitu, na hilo ni kweli, na ubaya wake ndio huo, nililichagua kwa kuwa ni kweli. Yeye mwenyewe alikuwa hajajua. Lakini mwezi wa kumi na mbili mwaka uleule, niko Sikonge, posa yangu kwa mama yenu imekwishakubaliwa na babu yenu amekwishapokea mahari, tarishi akaniletea barua. Ndani kulikuwa na picha ya mtoto wa miezi miwili, nywele kama zangu, na karatasi moja. Lejna hakuniomba matunzo. Hakuniita. Aliandika kwamba mtoto ni wa kike, mzima, na kwamba anataka kumpa jina la mama yangu, nimwandikie tu mama yangu aliitwa nani, na kwamba ataahirisha ubatizo mpaka jibu langu lifike.

Sikujibu. Posta ilikuwepo. Stempu ilikuwepo. Niliogopa, wanangu, niliogopa baba yake Tabia, niliogopa watu wa msikitini, nikasema wiki ijayo, nikasema baada ya harusi, nikasema sasa itakuwa aibu kuchelewa hivi. Mtoto akabatizwa Hanka, jina la mama yake Lejna, yule niliyemharibia maji. Mama yenu amekufa hajui. Mnakumbuka mwaka elfu mbili na nane wenyeji walipotufukuza sisi wageni kule Alexandra, wewe Nasra na miaka kumi na sita umembeba Yasini mgongoni na miguu yake inaburura, watu niliowatengenezea vitanda wako nje na marungu? Mama yenu aliniuliza umechukua nini. Niliacha randa, niliacha misumeno, nilikuwa na bahasha ndani ya shati. Nikamwambia ni vyeti vya chuo.

Basi wiki iliyopita, Nasra, ulinipigia simu, na nikakushukuru kwa kupiga, ukaniambia kwa sauti ya kunipa moyo kwamba Hanka amefurahi mno. Kwamba maisha yake yote aliambiwa na mama yake kuwa baba anajua na amenyamaza, na wewe ulipomwandikia kuwa baba hakujua, amelia kwa furaha, akakata tiketi. Halafu ukaongeza kwamba sasa amemkasirikia mama yake, anasema alimdanganya miaka thelathini na mitano, na kaburi hajalitia hata jiwe. Uliyasema haraka ukapita kwenye habari za ndege. Mimi sikuyapita. Tangu siku hiyo sijalala. Mwanamke yule hakuwahi kusema uongo katika maisha yake, hata asubuhi ile angeweza kuyafikisha maji nyumbani akaficha kwamba amesema, akayamwaga, na mimi nimemfanya mwongo akiwa kaburini, mbele ya mtoto aliyemlea peke yake. Mtu wa kumtetea hayupo. Nipo mimi tu, na mimi ndiye niliyemshtaki.

Maji, Mwatumu. Kidogo. Inatosha.

Mwatumu, wape hiyo bahasha, iko chini ya mto huu. Shika, Nasra. Picha imo, tarehe imo, muhuri wa posta ya kule na wa Tabora. Nisipofika Jumamosi, mkampokee nyinyi. Mleteni moja kwa moja hapa, chumba chake, mkiwa njiani msiseme kitu, mwacheni atazame mji. Ale kwanza. Mpeni kijiji chote kama nilivyowapa, daraja, mabwawa, nyumba kumi na tisa, na mkisahau jambo msibuni, semeni mmesahau. Halafu mpeni barua. Nasra, najua unataka kumwachia furaha yake, una moyo wa mama yako, naye amekuja kutoka mbali kwa sababu ya furaha hiyo. Usimwachie. Mwambie nilijua. Mwambie mama yake alisema kweli tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Akisimama aondoke, Yasini mbebee begi, msimzuie, chumba ni chake vilevile. Akinitukana, msinitetee. Mimi nilipata miaka thelathini na mitano ya kujitetea.

Sauti inaniishia. Sogea, mama. Yasini, nipe mkono.

Mambo ya maziko anayajua sheikh. Sitaki kusafirishwa, nizikeni hukuhuku, karibu na Tabia, na siku hiyohiyo, msingoje mtu. Mwatumu achukue cherehani ya marehemu, nilimwahidi. Msigombane juu ya nyumba. Mkigombana, gombaneni kwa sauti, mle pamoja jioni. Mungu awape kupona mlipoumizwa na mimi. Awape watoto watakaowajibu. Awaongezee dada, na yeye awaongezee ndugu. Nimewasamehe hii miezi mitatu, mlikuwa na haki. Niwieni radhi na mimi.

Kuna moja. Kalamu... chukua kalamu tena. Hili andika. Andika kwenye barua ile, chini ya maneno yake, herufi kubwa asome vizuri. Ndilo jibu lake. Semeni limechelewa, semeni aliyelichelewesha ni mimi.

Mama yangu aliitwa Nyamizi.